Pudini Inayosubiri Mkono

Manchester, Jumapili, 8 Septemba 1907

Hii ni wiki ya saba tangu niondoke Norfolk. Nimenunua daftari hili kwa sababu Jumapili za huku ni ndefu na watu wake siwajui bado. Baba alinitoa shule mapema nikafukuze kunguru shambani, kwa hiyo atakayesoma asinicheke mwandiko.

Niliondoka kwa sababu tajiri wetu alinunua mashine inayokata ngano na kufunga miganda yenyewe. Sisi tuliovuna kwa mikono mwaka jana tulisimama kando ya uzio tukaitazama ikipita. Hakuna aliyehitaji kuambiwa kitu. Nyumbani nimemwacha mke wangu Keziah, binti yetu Ivy, na mama yangu, ambaye nyumba ni yake na sote tunakaa kwake.

Kiwanda ni cha Bwana Tattersall. Tunatengeneza shahamu ya boksi, yaani yale mafuta magumu yanayoizunguka figo ya ng'ombe, ambayo wanawake huyatia kwenye pudini na kwenye unga wa pai. Yanakuja na mikokoteni kutoka machinjioni, bado yana ngozi yake nyembamba na damu. Wanawake wanachuna ngozi, sisi tunayeyusha, tunachuja kwa nguo, tunamwaga kwenye sinia yagande. Kisha magogo yale meupe yanasukumwa kwenye mashine yenye matundu, yanatoka membamba kama tambi, yanakatwa na kupakwa unga wa mchele yasishikane. Mama wa nyumbani anafungua boksi, anamimina, basi.

Mimi niko kwenye mapipa ya kuyeyushia. Nikitoka jioni mbwa wa mtaa mzima wananifuata hadi mlangoni. Sijawahi kupendwa hivi.

Jumatano, 11 Septemba

Mvua. Kazi.

Jumamosi, 14 Septemba

Leo nimecheka kwa mara ya kwanza tangu nifike. Ninayefanya naye kazi pipani ni mzee Jabez Ogden, mtu wa hapahapa, hana meno mbele lakini maneno anayo tele. Tulikuwa tunakula mlangoni na akinadada wa kufungasha, mzee akanieleza shahamu ya boksi ilivyoanza.

"Mke wa tajiri Tattersall alikuwa jikoni anakatakata shahamu," alisema. "Unajua ilivyo, inanata kisuni kama mkwe asiyetaka kuondoka. Kisu kikateleza, kikamla kidole. Tajiri akaona damu ya mkewe, akalia, akasema, kuanzia leo hakuna mke wa Mwingereza atakayetaabika hivi."

Lizzie Hulme, anayesimamia meza ya maboksi, alikuwa anamsikiliza huku anatafuna mkate.

"Kidole cha nani, mzee? Mke wa tajiri hajashika kisu tangu azaliwe. Kilichokatika ni kidole cha mpishi, na tajiri alilia kwa sababu chakula kilichelewa."

"Wewe ulikuwepo?"

"Mpishi alikuwa shangazi yangu."

"Wiki iliyopita alikuwa jirani yako."

"Jirani hawezi kuwa shangazi?"

Kila mtu hapa ana yake. Wengine wanasema tajiri aliiona mashine hiyo kwa mtengeneza mishumaa. Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba kabla ya boksi kulikuwa na mama yangu na meza yake. Alikuwa akinunua shahamu kwa mchinjaji siku ya Ijumaa, anaichuna ngozi kwa kucha, ngozi zile nyembamba kama karatasi ya Biblia. Kisha anainyunyizia unga na kukata kwa kisu kipana, ncha inabaki mezani, mpini unapanda na kushuka. Tulilala utotoni tukisikia mlio ule. Sasa mashine inafanya kazi ya mama mia moja, na mlio wake haumlazi mtu.

Jumanne, 24 Septemba

Wamejua natoka Norfolk. Wameanza kunitania juu ya madonge yetu ya unga. Watu wa huku wanatia shahamu kwenye donge, linazama mchuzini kama jiwe. Sisi tunatia hamira, linaumuka, linaelea.

"Nyie mnakula hewa," alisema mzee Ogden.

"Nanyi mnakula mawe ya kujengea."

"Jiwe linakaa tumboni, kijana. Hewa inatoka, na tunaisikia ikitoka."

Lizzie alicheka hadi akamwaga unga wa mchele. Nyapara wetu, Bwana Entwistle, akaja kuuliza kama tunalipwa kwa vicheko.

Jumapili, 6 Oktoba

Kila mfanyakazi amepewa maboksi mawili ya kula nyumbani. Mimi yangu nimeyatuma Norfolk. Nimemwandikia Ivy amsomee bibi yake: shahamu hii haiozi, hata ukiiweka mpaka Pasaka, kwa sababu damu na ngozi vimeondolewa na mimi mwenyewe nimesimama juu ya pipa. Nilijisikia fahari kuandika vile. Ni mara ya kwanza nimetuma nyumbani kitu nilichokitengeneza.

Nimewaambia pia kwamba nitakuwa nyumbani Jumapili ya kukoroga.

Niandike kwa nini jambo hilo ni kubwa kwetu. Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio, yaani majuma ya kungojea Krismasi, sala ya kanisani inamwomba Mungu aichochee mioyo yetu, kwa neno lilelile la kukoroga, na kila mwanamke akiisikia anakumbuka pudini ya Krismasi. Wakirudi nyumbani wanachanganya zabibu kavu, makombo ya mkate, mayai, shahamu, sukari na bia ya nyumbani. Kisha kila mtu wa nyumba anakoroga kwa zamu, kutoka mashariki kwenda magharibi, njia waliyokuja mamajusi. Unafumba macho, unaomba jambo moja, humwambii mtu.

Mtu akiwa mbali, mwenzake humkorogea. Ndivyo wengi wafanyavyo. Lakini mwaka kaka yangu Jesse alipokwenda vita vya Makaburu, Mama alishika mwiko mara ya pili akasema, "Huu ni wa Jesse." Krismasi haijapita, Jesse akafa kwa homa huko Afrika Kusini. Tangu hapo Mama hamkorogei mtu. Alisema mbele yetu sote: mwenye mkono aje na mkono wake.

Mimi ndiye mtoto aliyembakia.

Alhamisi, 17 Oktoba

Ukungu mzito. Nilishika ukuta njia nzima kwenda kazini. Mbwa wangu walinipata kwa harufu.

Jumatatu, 21 Oktoba

Barua ya Ivy. Mama amefungua boksi moja, amenusa, amesema shahamu isiyo na ngozi ni kama mtu asiye na ukoo, nani ajue ametoka kwa ng'ombe gani. Lakini Keziah amemwona akilionyesha kwa majirani.

Ivy anaandika pia kuwa vidole vya Bibi vimeanza kuvimba na kisu hakishiki vizuri. Hilo sikulijua.

Ijumaa, 1 Novemba

Mikokoteni haikatiki. Maduka yote ya Uingereza yanataka shahamu kabla ya Jumapili ileile ninayoitaka mimi. Tunaingia kiza, tunatoka kiza. Mikono yangu ni laini kama ya kasisi kwa sababu ya mafuta, lakini mgongo ni wa punda.

Nimemwomba nyapara ruhusa ya kuondoka Jumamosi ya tarehe ishirini na tatu. Amekubali. "Nenda kakoroge," alisema, "lakini usizoee."

Jumapili, 10 Novemba

Nimemwandikia Mama. Nitafika. Asiwe na shaka.

Jumatano, 20 Novemba

Leo Bwana Entwistle amenishika bega akanivuta kando ya mapipa.

"Daplyn, baada ya Krismasi nusu ya watu hawa watarudi walikotoka. Wewe unafanya kazi. Nina nafasi ya kudumu, na inakuja na nyumba ya kiwanda, ile safu ya nyuma. Vyumba vinne. Utawaleta watu wako."

Nikasema asante, bwana.

"Sasa nataka watu watakaosimama nami mwisho wa wiki hii. Mashine zitazunguka hadi Jumapili, maduka yanapiga kelele. Aliyepo nitamjua. Asiyekuwepo pia nitamjua."

"Ulinipa ruhusa, bwana."

"Sikuichukua. Bado unayo."

Nimekaa na mshumaa muda mrefu. Keziah katika nyumba yenye vyumba vinne. Mama karibu na moto wa makaa, bila kisima cha kuvutia maji. Ivy shuleni bila kutembea matopeni. Kwa ajili yao, nasema. Wiki moja tu, nasema. Pudini ikikorogwa wiki moja baadaye itakuwa dhambi gani?

Alhamisi, 21 Novemba

Nimetuma barua. Nitakuja Jumamosi ijayo, tarehe thelathini. Niliitia posta haraka kabla sijaisoma tena.

Jumapili, 24 Novemba

Jumapili ya kukoroga. Nimesimama kwenye pipa tangu alfajiri. Kengele za kanisa zilisikika kupitia mvuke. Mzee Ogden aliona namna ninavyokoroga mafuta, akaniuliza, "Unaomba nini?" Nikamwambia hili haliombewi. Akasema, "Basi angalau koroga kuelekea magharibi." Nikakoroga.

Alhamisi, 28 Novemba

Barua ya Ivy. Naiandika humu kama alivyoiandika mwanangu, maana kila nikiisoma naona sura ya meza yetu.

"Baba, Bibi amechanganya pudini kwa shahamu yako. Hakukata kwa kisu, amemimina tu, alisema ni aibu kuwa rahisi hivi lakini mikono imeshukuru. Mama amekoroga, mimi nimekoroga, Bibi amekoroga. Kisha amesimamisha mwiko katikati ya bakuli na kulifunika kwa nguo. Iko stoo, upande wa baridi. Bibi anasema haipikwi mpaka uje, kwa sababu ulisema shahamu yako haiozi, kwa hiyo inaweza kusubiri."

Nilimsomea mzee Ogden, tukatabasamu wote wawili. Nilifurahi. Naandika ukweli, nilifurahi kwamba bakuli linanisubiri.

Jumamosi, 30 Novemba

Sikwenda. Mashine ya pili imevunjika jino, na tulishinda tunasukuma magogo ya shahamu kwa mkono. Nyapara hakusema kitu kuhusu ruhusa, nami sikusema. Nimeandika: Jumamosi ijayo.

Jumanne, 3 Desemba

Joto la ajabu kwa Desemba. Upepo wa kusini, mvua ya vuguvugu. Shahamu haigandi vizuri kwenye sinia. Keziah ameandika mstari mmoja tu, kwamba huko Norfolk nako ni hivyohivyo, nyasi zinaota kama masika.

Ijumaa, 6 Desemba

Barua nyingine ya Ivy. Pudini imeumuka. Nguo imeinuka juu ya bakuli kama kofia, na ukisogeza sikio unaisikia ikipumua. Bibi amefurahi sana. Amemwita jirani yetu mama Gotts aje aone. Anasema imeumuka kama donge zuri, ni dalili njema, inajua kwamba mwanawe Reuben yuko njiani.

Niliisoma kwa sauti mlangoni wakati wa chakula, nikitegemea utani kuhusu watu wa hewa. Mzee Ogden kweli akaanza: "Hata pudini zao zinaelea." Lizzie hakucheka. Aliweka chini mkate wake.

"Reuben. Ndani kuna mayai?"

"Yamo."

"Na bia mbichi, ya kupikwa nyumbani, ile yenye chachu?"

"Ndiyo."

"Ndugu yangu, pudini haitakiwi kuumuka. Hiyo inaoza."

"Shahamu ile haiozi."

"Shahamu haiozi," alisema. "Nani kakuambia pudini ni shahamu peke yake?"

Kwetu kitu kikiumuka ni chema, tangu utoto ndivyo tulivyofundishwa. Hamira ikifanya kazi, nyumba ina baraka. Mama ametazama uozo kwa macho ya mtu wa Norfolk akauona kuwa uhai. Na mimi ndiye niliyemwambia haiozi.

"Andika leo," Lizzie alisema. "Mwambie aipike au aitupe."

Nikasema sina haja ya kuandika, kesho naondoka, nitaitazama mwenyewe. Afadhali aambiwe na mtu anayemshika mkono kuliko karatasi.

Jumamosi, 7 Desemba

Sikuondoka. Bwana Tattersall mwenyewe alikuja kuzungumza na watu watakaobaki baada ya Krismasi, akatushika mikono mmoja mmoja. Mkono wake ulikuwa baridi na mkavu. Treni ya mchana ilikwenda.

Jumapili, 8 Desemba

Nimeandika barua ya kusema itupwe. Posta imefungwa leo.

Jumatatu, 9 Desemba

Nimeituma.

Alhamisi, 12 Desemba

Mbwa hawanifuati tena. Labda wamechoka.

Jumamosi, 14 Desemba

Keziah ameandika mwenyewe, na Keziah haandiki bila sababu.

Barua yangu ilifika Jumanne. Lakini kumbe Mama alishajua. Jumapili ile nilipokuwa nasubiri posta, alifunua nguo ili amwonyeshe kasisi, na harufu ikatoka mpaka uani. Kasisi alisema kwa upole kwamba labda ni zabibu. Mama alimshukuru, akamsindikiza, akafunga mlango. Hakulia wala hakumlaumu mtu. Alikaa akilitazama bakuli mpaka moto ukazimika.

Jumatatu alfajiri aliliinua peke yake kabla hawajaamka. Ni bakuli la udongo lile kubwa, hata mimi nalibeba kwa kifua. Alilipeleka hadi shimo la taka nyuma ya zizi la nguruwe. Keziah alimkuta ameketi kwenye majani yenye umande, bakuli tupu mapajani, halijavunjika, mwiko ndani yake. Mdomo umekwenda upande. Mkono wa kulia hausikii.

Daktari amesema ataishi. Amesema mkono ule hautarudi.

Anaongea, ila polepole, na maneno mengine hayafiki. Keziah alimuuliza kama aniite. Mama akasema, "Mwacheni. Yuko kazini." Kisha akasema neno jingine ambalo Keziah hakulipata vizuri, ila anadhani lilikuwa "Jesse".

Jumapili, 15 Desemba

Sikwenda kanisani. Nimekaa kitandani nikitazama mikono yangu.

Nafikiria mkono ule. Umechuna shahamu ngapi, umekata ngapi, tumelala mara ngapi kwa mlio wake. Nilimpelekea boksi ili upumzike. Ndicho wanachosema kwenye karatasi ya boksi, kwamba mama wa nyumbani apumzike. Yale ya tajiri na kidole cha mkewe, au cha mpishi, sasa siyaoni kichekesho.

Nami niliahirisha Jumamosi baada ya Jumamosi kwa ajili ya nyumba ya vyumba vinne ili nimweke humo. Sikuwahi kumuuliza kama anaitaka.

Jumatatu, 16 Desemba

Nimemfuata nyapara asubuhi. Nikamwambia naondoka Jumamosi hii.

"Jumanne ya wiki ijayo tunafunga kwa Krismasi," alisema. "Subiri Jumanne, nafasi yako ipo. Ukienda Jumamosi nampa mwingine. Sitanii, Daplyn."

"Mpe, bwana."

Aliniangalia kama mtu anayetafuta ujanja. Mwishowe akauliza, "Ni mama?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Wangu alikufa nikiwa kwenye mashine hizihizi." Kisha akaenda kumgombeza mtu upande wa pili.

Alhamisi, 19 Desemba

Baridi imerudi. Shahamu inaganda vizuri.

Mzee Ogden ameniuliza nitapeleka nini nyumbani. Nikasema boksi hapana. Hakunitania. Lizzie ameniletea konzi ya zabibu kavu ndani ya kitambaa, na kipande cha ganda la chungwa lililokaushwa kwa sukari. Nikamuuliza, kama pudini ikikorogwa Jumapili, itakuwa tayari Krismasi?

"Ukiichemsha siku nzima ya Jumatatu, itakuwa pudini," alisema. "Haitakuwa nzuri kama iliyolala mwezi mzima. Lakini hakuna atakayekula kwa ajili ya utamu."

Ijumaa, 20 Desemba

Baada ya kazi nilikwenda kwa mchinjaji wa mtaa wa pili. Nilimwomba shahamu ya figo, nzima, na ngozi yake. Alinishangaa, maana nanuka kiwanda. "Nyie si mnayo ya kumwagika?" Nikasema hii nataka nichune mwenyewe. Akaifunga kwa karatasi.

Nimeifungua hapa chumbani. Nimejaribu kuondoa ngozi kwa kucha kama Mama. Inachanika vipande vidogovidogo, sikujua ni kazi ya subira kiasi hiki. Miezi mitano nimesimama juu ya mafuta ya ng'ombe wa nusu ya Uingereza na sijui kuchuna shahamu ya figo moja. Nimeacha. Nitaifanyia mezani kwake, aone nikikosea, aniambie.

Nimefikiri itakuwaje. Nitaketi kulia kwake. Nitakata, unga kwenye kisu, ncha mezani. Keziah atachanganya. Kisha nitauchukua mkono wake ule usiosikia, nitauweka kwenye mwiko, na wangu juu yake, tukoroge pamoja kuelekea magharibi. Kama atakubali. Huenda asikubali. Huenda akageuza uso ukutani, naye atakuwa na haki. Tayari ninajua nitakachoomba, na kwa kuwa hakiambiwi mtu, sikiandiki hata humu.

Kesho saa sita mchana natoka hapa, nabadili treni Peterborough, na kutoka stesheni ya Dereham nitatembea usiku. Natarajia kuwa mlangoni kwa Mama Jumapili tarehe ishirini na mbili, asubuhi, kabla kengele hazijalia.